Nilizima Asidi Miaka Miwili, Kumbe Tatizo Lilikuwa Mlangoni

Ramadhani ya 2021 ndipo nilipojua kuwa tumbo langu limebadilika. Nilikuwa nimefunga kutwa, nimesimama jikoni tangu alasiri nikikaanga viazi karai, na adhana ya magharibi ilipolia nilianza kwa tende kama kawaida. Tende mbili, maji, vijiko vitatu vya uji wa pilipili manga. Nikashiba. Nilishiba kama mtu aliyetoka kulishwa pilau ya harusi. Mume wangu akanisogezea bakuli la mbaazi, nikalirudisha katikati ya mkeka. "Mbona hujala kitu?" Nikamwambia ni joto.

Mimi ni muuza mahamri, huku Mtopanga, Mombasa. Saa tisa usiku niko macho nakanda unga, na jua likichomoza wateja washapanga foleni barazani. Mtu wa kazi yangu hawi mvivu wa kula. Lakini baada ya mwezi ule, harufu ya iliki na mafuta ya moto ikawa inanitia kichefuchefu, nami nikawa nauza kitu ambacho mwenyewe sikiwezi.

Dalili nyingine zilikuja polepole. Kiungulia baada ya mlo, hata mlo wa ndizi moja. Mbweu zenye harufu ya yai bovu. Moto pale chini ya kifua, saa nane za usiku, unaonifanya nikae kitako kitandani. Choo kikawa laini siku tatu, kigumu siku mbili, kisha laini tena. Na Mombasa ukitaja kwamba tumbo la juu linakuchoma, kila mtu ni daktari: hiyo ni alsa, vidonda vya tumbo, acha pilipili, acha mawazo, kunywa maziwa baridi. Niliacha pilipili. Mawazo ningeyaachaje, na bei ya unga ilivyokuwa?

Niseme kosa langu mapema, nisije nikaanza kulaumu wengine. Sikwenda hospitali. Nilikwenda duka la dawa, nikamwambia kijana wa pale "nina asidi," naye akanipa nilichomwomba. Omeprazoli, vidonge 28, shilingi 250. Mtu akishajitaja ugonjwa wake kaunta, muuzaji hana cha kuuliza. Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata, mpaka akawa akiniona tu anainua mkono kwenye rafu.

Na dawa ilisaidia, huo ndio mtego wenyewe. Moto wa usiku ulipungua wiki ya kwanza, nikaamini nimepatia. Kushiba haraka hakukuondoka. Kichefuchefu hakikuondoka. Mwili nao ukaanza kunitoka: kilo 68, 64, 61. Nikajiambia ni kwa sababu sili mafuta.

Mwaka 2022 nilienda kliniki moja ya kulipa. Wakanitoa damu ya kuhesabu seli, wakachukua choo mara moja tu, na wakanipima pailori, bakteria wa tumboni wanaoleta alsa, kwa tone la damu. Pailori ikasoma ndiyo. Nilifurahi, wallahi, maana hatimaye kitu kina jina. Siku 14 za dawa tatu kwa pamoja, mbili za kuua bakteria na moja ya asidi, shilingi 4,800, na ladha ya chuma mdomoni asubuhi hadi jioni. Nilizimaliza zote. Nafuu niliyopata ilidumu kama wiki tatu.

Jambo ambalo sikulijua, na ningependa mwenzangu ulijue: kipimo cha pailori cha damu kinaonyesha kinga ambazo mwili uliwahi kutengeneza, na kinga hizo zinaweza kubaki muda mrefu hata bakteria wakishaondoka. Anayetaka kujua kama bakteria wapo sasa apime choo au pumzi, na awe ameacha omeprazoli wiki mbili kabla, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuwaficha. Mimi nilikuwa naimeza kila asubuhi.

Nilipofika kilo 58 mtaa ukaanza kusema. Wapo walionong'ona kuhusu ukimwi, nikaenda nikapima, sina. Wapo waliosema nimefungwa kwa uchawi. Mama mkubwa akaniletea kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, kwenye chupa, nikalinywa kwa heshima yake na sijuti. Lilinipa usingizi wa siku mbili, na usingizi ulikuwa haba. Ninachojuta ni shilingi 7,000 nilizompa mtu aliyeuza unga wa kijani wa "kusafisha tumbo" kwenye makopo. Ule unga ulinisafisha kweli, lakini mfuko wa pesa.

Katikati ya hayo nilimeza albendazoli, kidonge kimoja, kile cha minyoo. Nilipata ahueni karibu mwezi mzima. Nilipaswa kusimama hapo nikajiuliza: kwa nini dawa ya minyoo inatuliza kitu ninachokiita alsa? Sikujiuliza. Watoto wangu hupewa dawa ya minyoo shuleni, kwenye ule mpango wa serikali wa kila mwaka, na akilini mwangu nyumba yetu ilikuwa imeshamaliza habari ya minyoo. Minyoo ni ya watoto, ndivyo nilivyodhani.

Kisha ukaja ule mstari. Alfajiri moja nikiwa kwenye karai nilihisi mwasho pajani, nikafunua leso, nikaona kama uzi mwekundu umeshonwa chini ya ngozi, umejikunja kuelekea nyonga. Nilipomaliza karai la mwisho ulikuwa umesogea upana wa kiganja. Nilimwonyesha mume wangu, akasema ni upele wa joto. Upele gani unatembea? Kesho yake haukuwepo, nikanyamaza. Ulirudi miezi miwili baadaye, upande wa pili.

Mwanzoni mwa 2023 kifua kikaanza kupiga filimbi usiku. Nilienda mahali pengine, sipataji, nikaeleza kifua na mwasho, nikaandikiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, ya siku saba. Tumbo sikulitaja, kwa sababu niliona tumbo lina dawa yake na kifua kina yake. Siku ya pili kifua kilifunguka. Siku ya nne tumbo lilinishika kwa namna ambayo sijawahi kuihisi hata katika uzazi, nikahara na kutapika, nikaacha vile vidonge kwa sababu tu sikuweza kuweka kitu mdomoni kikakaa. Nilidhani nimekula samaki mbaya. Baadaye daktari aliposikia hadithi hii aliweka kalamu chini.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi. Alikuja kunitazama, akaniangalia mifupa ya shingo, akauliza: "Wifi, karatasi zako ziko wapi?" Karatasi zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, pamoja na vyeti vya watoto na risiti ya friji. Akazipanga kwa tarehe. Akasema tusiende tena kwa mtu wa kuandika dawa, twende kwa mtu wa kusoma.

Tukapata daktari wa tumbo, mjini. Aliagiza kipimo cha kamera, na pesa zilitoka kwenye chama chetu cha kuchangiana; zamu yangu ilikuwa bado, nikawaomba wenzangu tubadilishane. Shilingi 15,000. Kwa anayekiogopa kipimo hiki: usile kuanzia usiku, vua meno ya bandia kama unayo, vuta pumzi kwa pua na utazame ukutani. Wanakupulizia dawa ya ganzi kooni yenye ladha ya ndizi mbichi, unahisi kutapika, kisha imekwisha. Ukidungwa sindano ya usingizi usirudi na pikipiki peke yako. Mimi nilirudi kwenye tuktuk ya mume wangu, nimelala kama mzigo.

Majibu: alsa hakuna. Hata moja. Mfuko wa tumbo una wekundu kidogo, lakini pale chakula kinapotoka kuingia utumbo mwembamba, sehemu inayoitwa duodeni, nyama imevimba na mikunjo imejaa. Walichukua vipande vidogo kupeleka maabara.

Daktari hakuzungumza juu ya kamera kwanza. Alizitandaza zile karatasi zangu tatu za damu mezani, akachukua kalamu nyekundu akazungushia mstari uleule kwenye kila moja. Eosinofili. 9. Kisha 14. Kisha 17. Hizi ni aina ya seli nyeupe, na kwa kawaida hazizidi 5 au 6 katika kila seli nyeupe 100. Hupanda kwa mzio, na hupanda kwa minyoo inayopenya nyama. Namba hiyo ilikuwa chini ya godoro langu mwaka mzima. Nilikuwa nimelala juu ya jibu.

"Mama, umekulia wapi?"

Kwale, nikamjibu, bara ya Matuga, shamba la mihogo.

"Mlikuwa mnavaa viatu?"

Nilicheka. Viatu vilikuwa vya Idi na vya shule. Shambani, kisimani, chooni, tulikwenda pekupeku, na choo chenyewe mara nyingi kilikuwa nyuma ya mikorosho. Katika miaka miwili ya kuhangaika, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nilikanyaga wapi nilipokuwa mtoto.

Mdudu aliyemshuku anaitwa strongiloidi. Ni mnyoo mwembamba kama uzi, jike peke yake ndilo linaloishi ndani ya mtu, urefu wake kama milimita 2, na linazaa bila dume. Buu lake huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya unyayo, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na hukaa kwenye duodeni. Mpaka hapo anafanana na mnyoo wa safura. Kinachomtofautisha ni kwamba mayai yake huanguliwa humohumo tumboni, na baadhi ya mabuu hukomaa na kupenya tena ukuta wa utumbo au ngozi ya makalio bila hata kutoka nje. Kwa hiyo hazeeki akaisha kama minyoo mingine. Anajipanda upya, mwaka baada ya mwaka. Wanajeshi wa Uingereza waliofanywa mateka na kulazimishwa kujenga reli ya Thailand na Burma wakati wa vita vya pili vya dunia walikutwa nao miongo kadhaa baadaye, wamekaa makwao ambako huwezi kuupata ugonjwa huo. Mimi miaka 30 tangu nitoke Matuga haikuwa kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 600 wanaye.

Ule uzi pajani ulikuwa yeye. Filimbi ya kifua ilikuwa yeye anapita.

Lakini mimi nilitaka kujua habari ya kiungulia. Mnyoo wa milimita 2 anawezaje kunishibisha kwa vijiko vitatu vya uji? Daktari akauliza nakuja mjini kutoka Kwale kwa njia gani ninapokwenda kumtazama mama. Feri, bila shaka.

Basi, akasema, mfuko wa tumbo ni foleni ya magari pale Likoni, na duodeni ndiyo feri. Foleni haiingii yote kwa pamoja. Kuna mtu wa geti, anatazama feri imejaa kiasi gani, akiinua mkono magari yanasimama. Mtu wa geti hapigi kelele tumboni. Anatuma homoni kwenye damu. Chakula chenye mafuta kikigusa duodeni, seli za pale hutoa kolesistokinini. Hiyo hufinya kibofu cha nyongo, huamsha kongosho litoe vimeng'enya, hupunguza mwendo wa mfuko wa tumbo, na kuuambia ubongo inatosha. Asidi ikifika, hutoka sekretini, na kongosho linamwaga maji yenye magadi ya kuizima asidi isiunguze utumbo. Huko juu, kwenye mfuko wenyewe, kuna gastrini, ambayo kazi yake ni kuagiza asidi zaidi. Nilipenda kusikia kwamba elimu ya homoni ilianzia hapa kwenye utumbo: sekretini ndiyo iliyogunduliwa ya kwanza, London mwaka 1902, na Bayliss na Starling, na ni baada ya hapo ndipo Starling akaleta neno homoni. Nilidhani homoni ni mambo ya uzazi tu.

Sasa fikiria, akasema, geti lina wageni wanaolichimba usiku na mchana. Ukuta umevimba, seli za kinga zimejaa, na seli zinazotoa homoni ziko katikati ya vurugu hiyo. Panya walioambukizwa mnyoo wa trikinela huongeza kolesistokinini wakati utumbo umewaka na hupunguza kula. Na imeonekana kwamba ni seli za kinga za mwili wenyewe zinazosababisha ongezeko hilo. Kwa ng'ombe kuna mnyoo anayeitwa ostertagia, anakaa tumbo la nne na kuharibu tezi za asidi. Ukali wa tumbo hilo hupotea karibu wote, na gastrini hupanda katika damu, kwa sababu mwili unaagiza asidi isiyokuja. Ng'ombe anaacha kula na kukonda, majani mbele yake. Nilimfikiria huyo ng'ombe siku nyingi.

Kwa hiyo kushiba kwangu hakukutoka kwenye chakula. Ilikuwa ni amri ya geti. Foleni ikisimama, chakula na asidi vinakaa juu muda mrefu, vinarudi kooni, nami nahisi moto. Niliuchukua moto ule kuwa ni asidi iliyozidi. Huenda haikuzidi hata kidogo. Ilikuwa mahali pasipo pake.

Na omeprazoli? Hakuilaani. Alisema ni dawa nzuri kwa mwenye ugonjwa wake. Lakini asidi ni askari. Ndiyo inayoua vijidudu tunavyovimeza kwa maji na kachumbari, na ndiyo inayosaidia kutoa madini ya chuma na vitamini B12 kwenye chakula. Ukiizima miaka miwili, huku utumbo umevimba, umefungua mlango wa mbele wakati mwizi yuko wa nyuma. Halafu mwili ukiona asidi haipo, unaongeza gastrini, kama kwa yule ng'ombe. Siku ukiacha dawa ghafla, gastrini ile yote inaagiza kwa pamoja. Hapo nikaelewa kwa nini kila nilipojaribu kuacha nilirudi mbio dukani siku ya tatu nikiapa kwamba alsa imerudi.

Choo kilipimwa siku tatu tofauti, na kwa njia nyingine. Kile kipimo cha kawaida hutafuta mayai, na strongiloidi hatoi mayai, hutoa mabuu, tena machache, siku ndiyo siku siyo. Maabara waliweka choo kwenye shashi juu ya maji ya uvuguvugu, wakaacha. Mabuu hufuata joto, hushuka majini, yakakusanywa chini. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu mtu wa maabara akaniita nichungulie hadubini. Kitu kinajipinda kama uzi uliokatwa. Sikusikia kinyaa. Nilisikia hasira, na nyuma ya hasira, raha.

Ni wakati narudi nyumbani ndipo nilipomkumbuka mama. Mama ana pumu. Yuko Matuga bado, shamba lilelile. Na kwenye kopo la maziwa juu ya kabati lake kuna vidonge vidogo vyeupe anavyomeza kifua kikimbana, na mimi ndiye ninayemnunulia. Daktari alikuwa ameniambia hivi, neno kwa neno nililiandika nyuma ya risiti: prednisoloni na dawa za jamii yake zikimkuta mtu mwenye strongiloidi zinaweza kumfungulia mnyoo huyo mlango, mabuu yakaongezeka maelfu kwa maelfu, yakatoboa utumbo na kubeba bakteria kwenye damu, na wengi wanaofikia hapo hufa. Zile siku zangu nne za vidonge, hadi nikahara, huenda ndizo zilizokuwa mwanzo wa hayo.

Niligeuza njia kwenda kwake, nikapiga simu kutoka ndani ya feri, kelele za watu pande zote. "Mama, vile vidonge vyeupe umemeza lini?"

"Vipi? Kwani kuna nini?"

"Mama, niambie tu."

"Mwezi uliopita, mwanangu. Kifua kikinibana tena nitameza."

Nikamwambia asiguse, nakuja. Kwa bahati alikuwa anameza wakati wa kubanwa tu. Anayezitumia kila siku kwa muda mrefu haruhusiwi kuziacha ghafla, ni lazima daktari ampunguzie. Tulimleta mjini na choo chake katika vikopo vitatu ndani ya mfuko mweusi, akilalamika njia nzima kwamba sisi watoto wa siku hizi hatuna haya. Kikopo cha tatu kilikuwa nao. Alitibiwa kabla mimi sijamaliza dawa zangu. Kaka yangu naye, tuliyelala mkeka mmoja, alikutwa nao bila dalili hata moja, isipokuwa ile namba ya eosinofili.

Dawa ni ivamektini, si albendazoli ya kidonge kimoja. Hupimwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Mimi kwa kilo 57 nilimeza vidonge vinne vya miligramu 3, tumbo tupu, kesho yake tena vinne, na daktari akataka nirudie baada ya wiki mbili. Kuzipata ilikuwa kazi, tulizunguka maduka matano. Kwenye la tatu mteja mmoja akatuambia tuokoe pesa, twende duka la mifugo, ipo ya ng'ombe. Tafadhali usifanye hivyo. Ile imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa, na kipimo chake hakigawanyiki kwa kijiko cha chai. Vyangu vyote havikufika shilingi 1,500. Nilipojumlisha omeprazoli, dawa za pailori, unga wa kijani, vipimo na kamera, nilikuwa nimetumia zaidi ya 36,000 kabla ya hapo, na sijahesabu asubuhi ambazo sikuweza kukanda unga.

Nilitarajia kuamka mzima. Sikuamka mzima. Mwasho uliisha wiki ya kwanza, kifua kikanyamaza, lakini tumbo liliendelea na ukaidi. Daktari alinitayarisha kwa hilo: mji wa Bergen huko Norway mwaka 2004 maji ya bomba yaliingiwa na vimelea vya giadia, watu wengi wakaugua, na miaka mitatu baada ya kutibiwa wengi wao bado walikuwa na tumbo la kujaa na kuuma kuliko majirani ambao hawakuugua. Mdudu anaweza kuondoka, na geti likabaki na hofu.

Omeprazoli niliiacha kwa ngazi, kwa maelekezo yake: kila siku, kisha siku moja naruka, kisha mara mbili kwa wiki. Kiungulia kilirudi kwa karibu wiki tatu, kikali, na safari hii nilijua ni gastrini inayopiga kelele, nikavumilia kwa milo midogo, mto wa pili kichwani, na kutokula baada ya isha. Maziwa yalinigomea miezi miwili, nikanywa chai ya rangi. Mbaazi za nazi nilizianza kwa vijiko viwili, maana nazi ni mafuta, na mafuta ndiyo yanayolishtua geti.

Njaa ilirudi siku ambayo sikuitegemea. Nilikuwa Likoni nasubiri kuvuka, foleni imesimama, na mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili ya unga. Harufu ikanipiga. Tumbo likanguruma kwa sauti hadi kijana wa pembeni akageuka. Miaka miwili na ushei sikuwa nimesikia sauti ile. Nilinunua ya 20, nikala nimesimama, nikanunua ya 20 nyingine.

Baada ya miezi sita nilipima damu. Eosinofili 4. Choo mara tatu, safi. Kilo 64. Karatasi zote sasa ziko kwenye faili la plastiki, na kila ninapotoka maabara naomba nakala yangu, naisoma mwenyewe kabla sijamwachia mtu anisomee. Wanangu hawaendi kwa bibi yao Matuga bila ndala, na kaka amechimba choo kipya chenye sakafu ya saruji. Mama anasema tunamfanyia fahari ya mjini.

Wiki iliyopita nilipita duka la dawa. Yule kijana aliponiona mkono ulishakwenda kwenye rafu ile. Nikamwambia hapana, leo nataka dawa ya kuungua. Nilikuwa nimejichoma kidole kwenye karai, nikijitolea hamri la kwanza nile kabla halijapoa.